Maji ya Mringaringa

Ubao namba 7 ulikuwa na kilo 24 siku nilipoupima mara ya kwanza. Niliutundika kwenye mizani ya saa, ile ya kupimia magunia ya maharage, kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye boriti ya banda, nikangoja mshale utulie, nikaandika kwa penseli kichwani pa ubao: 24, Mei 19. Jumapili iliyofuata mshale ulisimama kwenye 22 na nusu. Ya tatu, 21 na robo. Sikuona tone hata moja likidondoka. Sakafu ya banda ilikuwa vumbi tupu, na mbao zenyewe ukizigusa zilikuwa baridi kama mtungi, basi. Lakini kila wiki ubao ule mmoja ulikuwa ukitoa zaidi ya lita moja ya maji na kuyaachia upepo.

Naishi Terrat, kata ya kusini kabisa mwa Jiji la Arusha, upande ambao Mlima Meru unauona mzima lakini mvua yake unaisikia kwa simu. Huku ni nchi ya migunga, mbuzi na upepo. Nyumba za bloku zinaota kila mwaka katikati ya maboma, na mtu akichimba msingi asubuhi, jioni udongo umeshakuwa unga. Mama yangu anaishi Ilkiding'a, juu kwenye mteremko wa mlima, ambako migomba imeshikana mikono na mifereji inapita nyuma ya majiko ya watu. Kati ya kwake na kwangu unashuka, unakatiza mji, unashuka tena. Mambo mengi ya maisha yetu yameteremka njia hiyo: ndizi, maziwa, habari za misiba. Mwaka 2024 uliteremka mti.

Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na masika yaliyofuata yakaja kabla udongo haujakauka. Mringaringa wa nyumbani ulikuwa umesimama ukingoni mwa mfereji tangu kabla sijazaliwa. Usiku mmoja wa Aprili, bila radi wala upepo wa kutaja, mizizi ya upande wa maji ikaachia. Mama alinipigia alfajiri. Hakusema umeanguka. Alisema, "Mwanangu, mringaringa umelala."

Asiyeujua mti huu aende Meru au Kilimanjaro wakati umechanua. Maua yake ni meupe, mengi, na nyuki huvuma juu yake mpaka ukipita chini unadhani kuna mashine inafanya kazi. Majani ni mapana, yanakwaruza, na yakianguka yanafunika shamba la kahawa vizuri kuliko mbolea nyingi za kununua. Wakikuyu wanauita muringa, na Nairobi kuna Barabara ya Muringa, ingawa wengi wanaopita pale hawajiulizi jina limetoka wapi. Waethiopia wanauita wanza. Kote huko watu wameutumia kwa mambo yale yale: mizinga ya nyuki, ngoma, vinu, na fanicha ya nyumba yenye heshima. Kiini chake ni cha hudhurungi yenye wekundu kwa mbali, chepesi, kinakubali randa bila ugomvi, na mchwa hawakikimbilii. Kosa lake ni moja: mara nyingi shina hujipinda linavyokua, na mpasuaji asipolisoma vizuri anapata mbao chache kuliko alivyotarajia.

Nilipofika, saa tatu asubuhi, tayari palikuwa na watu na mapanga. Sikuwalaumu na siwalaumu sasa. Mti mkubwa ukilala, matawi ni kuni za miezi, na mwanamke aliyezoea kununua fungu la kuni hawezi kupita pale akaangalia tu. Baba mdogo alikuwa ameshapata mtu wa mkaa. Mtu mwingine alisimama kando akiwa na noti mfukoni, anataka gogo zima, alipe siku hiyo hiyo, apasue mwenyewe na kuuza mbao zikiwa bado zinatoa maji. Kila mmoja alikuwa na sababu, na bei ya yule mtu haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa na ombi la ajabu: nataka mbao, halafu nisizifanyie kitu kwa zaidi ya mwaka.

Baba mdogo aliniuliza, kwa upole, mti wa boma unakwendaje Terrat. Mama akajibu kwa niaba yangu. Akagawa palepale, akiwa amesimama juu ya mizizi iliyoinuka, kama anavyogawa nyama: matawi yote kwa majirani, sehemu iliyopinda ya juu kwa baba mdogo, na futi 16 za chini, penye unene wa maana, kwangu. Yule mwenye noti akaaga vizuri.

Lazima niseme kwa nini niling'ang'ania. Nyumba yangu ya Terrat ilipoezekwa, niliagiza mlango wa mbele kwenye karakana moja mjini. Ulikuwa mlango mzuri, umechongwa, una vanishi inayong'aa. Uliwekwa mwezi wa tano. Kufika Septemba, pepo za kiangazi zilipokolea, paneli za katikati zilikuwa zimesinyaa mpaka mwanga wa barazani ukaanza kuingia kwa mistari. Desemba ulijikunja kona ya juu, bawaba zikalia. Fundi alikuwa na mkono mzuri, kasoro ilikuwa kwenye mbao: zilikuwa mbichi, na mlango ule ulikauka ukiwa umeshapigwa gundi na misumari, umefungwa mikono na miguu, ukajirarua. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiufungua na kuufunga, na kila mara nauona mti ambao haukupewa muda wa kumaliza safari yake.

Kupasua kulichukua siku mbili. Kabla ya hapo kulikuwa na makaratasi, kwa sababu mti hata ukiwa wako na umeanguka wenyewe, mbao zake hazipiti barabarani bila kibali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Tukayafuata, tukayapata.

Wapasuaji walikuja wawili na chenso. Mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alilizunguka gogo mara tatu kabla ya kuiwasha mashine. Gogo lilipokwisha kukatwa vipande viwili sawa, alichukua uzi, akaupitisha kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, akauvuta kutoka kichwa hadi kichwa, akaukamata katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pap! Mstari umenyooka futi nane. Akafanya hivyo kwa kila ubao. Mashine ya namna ile inakula karibu sentimita moja kila mpasuo, kwa hiyo mstari uliokosewa ni ubao uliopotea, na mzee yule hakukosea hata mmoja.

Tulipofika katikati ya gogo alinionyesha kitone cheusi, kidogo kama punje ya mtama, mahali ambapo miduara yote inaanzia.

"Huu moyo usiuweke ubaoni, dada," alisema. "Moyo una hasira. Ukiuacha ndani, utapasua ubao mzima."

Wasomi wa mbao wana maelezo ya hasira hiyo. Ubao ukikauka haunywei sawasawa. Kwa urefu hausogei kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka moyoni kuelekea gome unanywea kiasi. Lakini kuifuata miduara unanywea karibu mara mbili ya hapo. Basi kipande chenye moyo ndani yake kinavutwa pande zote kwa nguvu zisizolingana, na hakina pa kukimbilia ila kupasuka. Mzee alilitoa lile pande la moyo likaenda kwenye kuni. Ukipita Arusha ukaona miguu ya vitanda imepasuka kwa mstari mmoja mrefu kuanzia juu hadi chini, chungulia: mara nyingi utaukuta moyo mlemle.

Alasiri ya siku ya pili chenso ilipiga kelele nyingine kabisa, cheche zikaruka. Mzee akazima. Ndani ya mti, sentimita nane kutoka gome, palikuwa na msumari. Mti ulikuwa umeumeza zamani, ukaufunika, ukaendelea kunenepa. Kutu yake ilikuwa imelowesha nyuzi za mti kwa urefu wa kiganja, doa la bluu inayokaribia weusi, kama wino uliomwagika. Mnyororo uliharibika meno, nikalipa. Mzee alitaka kuutupa ubao ule. Nikaomba niuchukue hivyo hivyo. Ndio ubao namba 7.

Mbao zilipanda Canter jioni, zikashuka Terrat usiku, na hapo nilifanya kosa langu. Nilikuwa nimechoka na mvua ilitishia, nikaziegemeza tu ukutani, nikasema vichwa nitavipaka rangi kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Maji ya mti hupita kwenye mirija inayokwenda kwa urefu, na mirija hiyo inafungukia vichwani. Kwa hiyo vichwa vya mbao hukauka haraka kuliko ubavu, kwa kasi ya mara nyingi zaidi, na sehemu iliyokauka inataka kunywea wakati jirani yake bado amevimba. Niliporudi na kopo la rangi ya mafuta, mbao tatu zilikuwa zimeshafunguka nyufa za shubiri nzima. Upepo wa Terrat haukunisubiri. Namba 7 ilikuwa mojawapo.

Baada ya hapo nilikuwa makini kama mtu anayelea mtoto wa njiti. Nilipanga bloku mistari mitano chini, nikazisawazisha kwa pima maji, nikapaka oili chafu kuzunguka kila bloku kwa ajili ya mchwa. Juu yake nikalaza mbao, na kati ya tabaka na tabaka fito kavu za msanduku, unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili. Fito hizo lazima zisimame moja juu ya nyingine kuanzia chini hadi juu, kama nguzo. Ufito mmoja ukikaa pembeni, uzito wa mbao za juu unaikunja ya chini, nayo ikikauka ikiwa imekunjwa haikunjuki tena maisha. Juu kabisa nikatandika bloku nyingine ziikandamize safu nzima. Mabati juu, pande wazi, isipokuwa upande wa mashariki unakotoka upepo, ambako nilitundika magunia. Watu hudhani adui wa mbao mbichi ni unyevu. Terrat adui ni haraka ya kiangazi.

Maji yamo mtini kwa namna mbili. Ya kwanza yamejaa tu ndani ya mirija, kama maji kwenye debe. Hayo hutoka upesi, na ubao unakuwa mwepesi bila kubadilika umbo. Ya pili yameshikwa na kuta za mirija yenyewe, kama unyevu unaobaki kwenye kanga uliyoikamua mpaka mikono ikauma. Hayo hutoka taratibu, na ndiyo yanapotoka ubao huanza kunywea, kujikunja, kupasuka. Mpaka kati ya mawili hayo ni pale maji yanapofika asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Kwa hiyo miezi ya mwanzo, ambapo mizani inashuka kwa kasi na wewe unafurahi, mti bado haujaanza kazi yenyewe. Kazi inaanza wakati mshale unapoanza kuwa mvivu, na ndipo wengi tunapochoka kungoja.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ujuzi wake uko jirani kabisa. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi kimekuwa kwenye mteremko huu wa Meru tangu 1937. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na ni huko huko Moshi ambako mwaka 1967 Idara ya Misitu ilichapisha kitabu cha Bryce kuhusu mbao za biashara za Tanzania, mti kwa mti. Kijana aliyesoma vyuo hivi anajua kuchukua kipande, kukipima, kukikausha kwenye jiko mpaka uzito usishuke tena, na kukuambia mbao yako ina maji kiasi gani. Tumekosa mtu wa kulipia kungoja. Fundi wa kando ya barabara amepokea nusu ya bei Jumatatu, na mteja ana harusi Jumamosi. Mwenye mbao anadaiwa ada za Januari. Mteja naye hajawahi kuuliza, "Mbao hizi zilipasuliwa lini?" Nasikia sana watu wakiwasema mafundi. Nimefika mahali naamini deni kubwa liko kwetu wanunuzi: tukianza kuuliza swali hilo moja, na kukubali kwamba mbao iliyokaa mwaka ina haki ya kuuzwa ghali kuliko iliyokaa wiki, mengine yatajipanga.

Jambo hili naliona zaidi sasa kwa sababu Terrat inajengwa. Uwanja mkubwa wa mpira ulipoanza kuinuka kule Olmoti, jirani zetu, bei za viwanja huku zilipanda na malori ya mbao na mirunda hayakukatika. Nyingi ni paina na msanduku za mashamba ya kupandwa, na miti hiyo ndiyo inayouokoa msitu wa asili wa mlima, kwa hiyo siisemi vibaya. Lakini nikipita karibu na lori lililosimama kwenye foleni naona matone yakidondoka kutoka mkiani. Ni nyumba ya mtu, na bado inadondoka maji.

Agosti baridi ilipoisha na upepo kuanza kweli, nilikuwa naamka usiku kusikiliza. Mbao zinapokauka hulia: tiki moja, kimya kirefu, tiki nyingine. Kila mlio nilidhani ni ufa. Asubuhi nilikuwa nakagua kwa tochi na sikuti kitu. Ni mti tu ulikuwa ukijikalisha sawa. Mwishoni mwa Oktoba namba 7 ilikuwa kilo 15 na nusu. Kisha vuli ikanyesha, na jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu nikaliona kwa macho: mshale ulipanda. Robo kilo, wiki mbili mfululizo. Mti uliopasuliwa, ukapakwa rangi vichwani na kulazwa kwenye bloku, ulikuwa unaivuta mvua ndani kupitia hewa. Hautaacha kamwe. Hata ukiwa meza, utanenepa kidogo kila masika na kukonda kila kiangazi, na fundi mwenye akili huacha nafasi ya pumzi hiyo kwenye viungo.

Kuhusu ule ufa wa kichwani, nilitaka kuukata na kufupisha ubao. Rafiki mmoja seremala akanikataza, akanisimulia habari za George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Japani, aliyezaliwa Spokane mwaka 1905. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungiwa pamoja na familia yake katika kambi ya Minidoka, Idaho, na humo kambini akajifunza useremala wa Kijapani kwa fundi aliyekuwa mfungwa mwenzake. Baadaye akiwa na karakana yake New Hope, Pennsylvania, alitengeneza meza za mbao pana za mjozi, ule mti wa kokwa za jozi ambao mafundi wa huko wanauthamini kama sisi tunavyouthamini mninga. Penye ufa hakukata wala hakuziba. Alipachika kipande cha mti mgumu chenye umbo la kipepeo, kikikatiza ufa, ili usiendelee. Ufa unabaki unaonekana, na kipepeo kinaonekana. Rafiki yangu ameshanichongea viwili, vya mti wa loliondo, viko kwenye kopo dirishani.

Mama alikuja Terrat Julai mwaka uliofuata. Baridi ilikuwa kali na mlima ulikuwa umejifunika. Jumapili tatu mfululizo namba 7 ilikuwa imesimama pale pale, 14 na robo, nami nilikuwa nimeacha kuugusa kwa kuogopa kujidanganya. Aliingia bandani na mtandio wake, akapita kando ya safu taratibu kama anayekagua ng'ombe, akaweka kiganja juu ya ubao mmoja, kisha akainama akaweka shavu.

"Si wa baridi tena," alisema.

Nilimtolea namba 7 nje penye mwanga. Nilimwonyesha ufa, nikamweleza habari ya vipepeo, akaitika bila kunisikiliza sana. Alikuwa anaangalia doa. Alilifuata kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaliacha, akalirudia.

"Huu ni msumari wa baba yako," alisema. "Wa redio. Alikuwa akiitundika hapa jioni, apate taarifa ya habari ya saa mbili huku nakamua. Betri zikiisha nguvu anaziweka juani kesho yake, halafu anaitundika tena." Akapima kwa mkono kutoka ardhini hadi kifuani pake. "Alipigilia hapa. Wewe ulikuwa hujaanza shule."

Tukakaa kimya kidogo. Mbuzi wa jirani walikuwa wanapita. Kisha akataka aone mizani inavyofanya kazi, kwa hiyo niliufunga ubao kwenye kamba, yeye akaushika upande mmoja usizunguke, tukangoja mshale utulie.

"Ngapi?"

"Kumi na nne na robo, mama."

"Haya," alisema, "andika."